Kompyuta ya Nyumbani na Uniti za LUKU: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Matumizi na Gharama

Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, zinapoisha kabla ya siku iliyotarajiwa, lawama huiangukia friji, pasi au jiko la umeme, na mara nyingi lawama hizo ni za haki. Pasi ya wati 1,000 hutumia kwa saa moja umeme ambao kompyuta ya kawaida ya mezani, pamoja na skrini yake, huutumia kwa takriban saa tisa. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anayeacha pasi ikiwaka mchana kutwa, ilhali kompyuta huwashwa asubuhi, mwenyewe akaenda sokoni, akala chakula cha mchana, akapokea wageni, na mita ikaendelea kuhesabu kama kwamba kazi inafanyika. Gharama ya kompyuta ya nyumbani imo katika saa zake zaidi ya kuwa katika wati zake. Kwa sababu hiyo hatua zinazofuata zinaanza na kupima, zinaendelea na kuondoa saa ambazo kompyuta inawaka bila mtumiaji, na zinaliweka suala la kununua kifaa kipya mwishoni.

Hatua ya 1: Ijue bei halisi ya uniti yako

Uniti moja ni umeme wa wati 1,000 uliotumika kwa saa moja. Chukua risiti au ujumbe wa simu wa ununuzi wako wa karibuni, ugawanye fedha ulizolipa kwa idadi ya uniti ulizopewa. Ni vyema kutumia ununuzi wa pili au wa tatu katika mwezi, kwa kuwa ule wa kwanza huenda umekatwa kodi ya jengo, na hesabu itakuonyesha bei ambayo si ya umeme peke yake.

Kwa viwango vya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati Tanzania, vilivyoanza kutumika mwaka 2016, mteja wa matumizi ya kawaida, wa kundi la T1, hutozwa shilingi 292 kwa uniti, na baada ya kuongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, bei hufika takriban shilingi 356. Mteja mdogo wa kundi la D1 hutozwa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mpaka huo wa uniti 75 ni muhimu sana kwa mwenye kompyuta, kama hesabu ya hatua ya tatu itakavyoonyesha. Hesabu zote hapa zinatumia shilingi 356. Ikiwa risiti yako inatoa bei nyingine, tumia yako. Aliye Kenya atafanya vivyo hivyo kwa tokeni zake, ila akumbuke kurudia hesabu kila mara, kwa sababu bei ya huko ina kipengele cha gharama ya mafuta kinachobadilika mwezi hadi mwezi.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Watu wengi husoma kibandiko cha pawa saplai kilichoandikwa wati 500, wakaamini kwamba kompyuta yao inakula wati 500. Namba hiyo ni kikomo cha uwezo wa kifaa, wala si matumizi yake. Kompyuta ya ofisi yenye pawa saplai ya namna hiyo, ikiwa inaandika barua au kufungua kurasa za intaneti, kwa kawaida hutumia wati 40 hadi 80 bila skrini. Chaja ya kompyuta mpakato iliyoandikwa wati 65 nayo hufikia kiwango hicho pale tu betri inapojazwa huku kichakataji (prosesa) kikifanya kazi nzito. Kwa kazi nyepesi, kompyuta mpakato hutumia wati 10 hadi 25. Kwa upande mwingine, kompyuta ya michezo yenye kadi kubwa ya michoro huweza kupita wati 300 mchezo unapokolea, kwa hiyo makisio yanaweza kukosea pande zote mbili.

Kipimo kilicho rahisi zaidi ni kifaa kidogo cha kupimia wati kinachochomekwa kwenye soketi, kisha kompyuta ikachomekwa juu yake. Lakini si lazima kukinunua, kwa kuwa mita yenyewe inatosha. Mita nyingi za kielektroniki zina taa ndogo nyekundu inayomweka kadiri umeme unavyotumika, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Penye 1000, kila mmweko ni wati moja kwa saa moja. Penye 1600, kila mmweko ni 0.625.

Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji ikiwamo, uache kompyuta na skrini peke yake. Fungua kazi unazozifanya kila siku, kisha mtu mmoja ahesabu mimweko kwa dakika 10 kamili. Zidisha idadi hiyo kwa 6 ili kupata saa nzima, kisha uzidishe kwa thamani ya mmweko mmoja. Mimweko 18 kwenye mita ya 1000 imp/kWh inamaanisha 18 mara 6, yaani wati 108. Rudia kipimo hicho kompyuta ikiwa imewaka bila kuguswa, kisha ikiwa katika hali ya usingizi, na mwisho ikiwa imezimwa lakini bado imechomekwa. Katika hali mbili za mwisho mimweko itakuwa michache mno kwa dakika 10, kwa hiyo ongeza muda hadi saa moja. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachowashangaza watu.

Penye mita iliyofungwa juu ya nguzo, ambapo ndani ya nyumba kuna kifaa cha kubonyezea namba tu, soma uniti zilizobaki kabla na baada ya saa kadhaa za matumizi ya kompyuta peke yake. Njia hii ni ya polepole na inahitaji siku ambayo nyumba inaweza kukaa bila friji kwa muda huo, lakini jibu lake ni sahihi vilevile.

Hatua ya 3: Geuza wati kuwa shilingi

Zidisha wati kwa saa za kuwaka kwa siku, kisha kwa siku 30, ugawanye kwa 1,000. Tuseme kompyuta ya mezani na skrini yake ni wati 110. Ikiwaka saa 8 kwa siku, itatumia uniti 26.4 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 9,400. Ikiachwa usiku na mchana, itatumia uniti 79.2, ambazo ni zaidi ya shilingi 28,000. Mteja wa D1 ataona hapo kwamba kompyuta moja iliyosahauliwa imeumaliza mgawo wake wote wa uniti 75 za bei nafuu, kabla hata taa moja haijawashwa, na kila kifaa kingine ndani ya nyumba kinalipiwa kwa bei ya juu.

Sasa chukua daftari na kwa wiki moja uandike saa ambazo kompyuta iliwaka, na kando yake saa ambazo mtu alikuwa ameketi mbele yake. Iwapo kompyuta hiyo hiyo ya wati 110 inatumiwa kweli kwa saa 4 tu, na saa 20 zilizobaki imelala kwa wati 3, jumla ya mwezi ni uniti 15, kiasi cha shilingi 5,300. Hakuna kilichonunuliwa wala kazi iliyopunguzwa.

Hatua ya 4: Ifundishe kompyuta kulala

Katika Windows 11, fungua Settings, kisha System, kisha sehemu ya umeme, ambayo kwenye kompyuta mpakato huitwa Power & battery na kwenye ya mezani Power. Weka skrini ijizime baada ya dakika 5 na kompyuta ilale baada ya dakika 15. Kwenye Mac, mipangilio ya namna hiyo hugawanywa kati ya sehemu ya Battery au Energy na ile ya Lock Screen katika System Settings. Kwenye Linux, mazingira mengi ya mezani yana ukurasa wa umeme katika mipangilio, na programu za TLP na PowerTOP huongeza udhibiti wa ndani zaidi kwa wanaozoea kuandika amri.

Ondoa picha zinazochezacheza kwenye skrini kompyuta inapokaa kimya. Zilibuniwa wakati wa skrini za kioo kizito, ambazo picha isiyosogea iliweza kuziacha na alama ya kudumu. Hazikuwahi kuokoa umeme, na siku hizi zinaiweka skrini macho bila sababu.

Usingizi wa kawaida, yaani Sleep, huhifadhi kazi katika kumbukumbu ya RAM, ambayo inahitaji umeme kidogo ili isisahau. Kwa kompyuta mpakato hilo si tatizo, kwa kuwa kuna betri. Kwa kompyuta ya mezani katika maeneo ambayo umeme hukatika bila taarifa, kukatika kwa sekunde moja kunafuta kila kitu ambacho hakijahifadhiwa. Ndiyo maana kwa mazingira yetu ninaupendekeza usingizi mzito, Hibernate, ambao huandika kazi yote kwenye diski kisha ukaizima kompyuta kabisa. Ikiwa haumo kwenye menyu, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa ruhusa ya msimamizi uandike powercfg /hibernate on, kisha uuruhusu katika Control Panel, Power Options, mahali pa kuchagua kazi za vitufe vya kuwashia na kuzimia. Utachukua gigabaiti kadhaa za diski, na kuamka kwake ni kwa polepole kidogo, lakini ukiwa na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, ni suala la sekunde tu. Kwenye kompyuta za mezani upo pia usingizi mseto unaohifadhi kazi katika RAM na diski kwa pamoja: umeme ukibaki, kompyuta huamka haraka, ukikatika, kazi bado ipo.

Wapo wanaoamini kwamba kuwasha na kuzima mara kwa mara hula umeme mwingi kuliko kuiacha kompyuta ikiwaka. Imani hiyo haina msingi katika hesabu, kwa kuwa kuwaka kwa dakika moja, hata kwa wati zote inazoweza kuvuta, ni sehemu ndogo sana ya uniti. Ukiondoka kwa chakula cha mchana, ilaze. Ukienda kulala, izime au uitie usingizi mzito.

Hatua ya 5: Mtafute anayeiamsha

Kuna kompyuta zilizopangiwa kulala ambazo hazilali. Katika Command Prompt ya msimamizi, amri ya powercfg /requests hutaja programu inayozuia usingizi kwa wakati huo, powercfg /lastwake hutaja kilichoiamsha mara ya mwisho, na powercfg /waketimers hutaja zilizojipangia saa ya kuiamsha. Mara nyingi mhusika ni kichezeo cha video kilichosahauliwa wazi au kadi ya mtandao iliyopewa ruhusa ya kuamsha mashine. Kisha fungua Task Manager, sehemu ya Startup apps, uzime programu zinazojianzisha zenyewe ambazo huzihitaji kila siku.

Iwapo feni inavuma kwa nguvu ilhali hakuna unachofanya, na Task Manager inaonyesha kichakataji kikitumika kwa asilimia kubwa, shuku programu ya siri ya kuchimba sarafu za kidijitali. Programu za aina hiyo hupenda kujificha ndani ya nakala za Windows, Office au michezo zilizovunjwa leseni, ambazo bado zinapitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Aliyeipata bure anailipia kwenye LUKU kila mwezi, kwa faida ya mtu asiyemjua.

Hatua ya 6: Kata umeme ukutani

Soketi zetu zina swichi, na swichi hiyo ni chombo cha kubana matumizi kisicho na bei. Kompyuta iliyozimwa, skrini yenye taa ndogo, spika, printa na UPS (kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika), vyote vikiwa vimechomekwa, vinaweza kufikisha wati 12 kwa pamoja bila kazi yoyote. Kwa saa 16 za siku hiyo ni karibu uniti 5.8 kwa mwezi, zaidi ya uniti 4.8 ambazo kompyuta mpakato ya wati 20 ingetumia kwa kazi ya saa 8 kila siku. Viunganishe vyote kwenye ekstensheni moja nzuri yenye swichi, uzime kompyuta kwa utaratibu wake, usubiri hadi taa zake zizimike, kisha uzime swichi. Usiku wa radi, chomoa kabisa.

UPS inahitaji mpangilio wake. Ukiikatia umeme ukutani ikiwa bado imewashwa, itadhani umeme umekatika, itapiga kelele na kuimaliza betri yake. Izime kwanza kwa kitufe chake, ndipo uzime soketi. Usiiache bila umeme kwa wiki nyingi, kwa sababu betri za risasi zilizo ndani yake huharibika zikikaa zimeisha, na bei ya betri mpya hufuta akiba yote uliyoipata.

Ruta ya intaneti hutumia wati 5 hadi 12 kwa kawaida. Zima usiku ikiwa hakuna anayeihitaji, ila faida yake ni ndogo.

Hatua ya 7: Mwanga, vumbi na joto

Punguza mng'ao wa skrini hadi kiwango ambacho macho hayasumbuki. Kwenye kompyuta mpakato skrini ni miongoni mwa walaji wakuu. Kila baada ya miezi michache, fungua kava la kompyuta ya mezani ikiwa imechomolewa, usafishe vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea kwa brashi laini, huku ukiishikilia feni isizunguke. Wati zote ambazo kompyuta inatumia hugeuka kuwa joto ndani ya chumba, na anayetumia kiyoyozi huko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hulipa mara ya pili ili joto hilo liondolewe.

Kompyuta mpakato inayopata moto sana inaweza kutulizwa kwa kuweka Maximum processor state kuwa asilimia 99 katika mipangilio ya ndani ya umeme, ikiwa mashine yako inakionyesha kipengele hicho. Kwa vichakataji vingi vya Intel, hatua hiyo huzuia mwendo wa ziada wa kichakataji. Kwa kuandika na kusoma hutaona tofauti. Kwa kuhariri video utaiona.

Hatua ya 8: Kununua, ikiwa bado kuna haja

Penye kompyuta ya zamani ya Pentium 4 na skrini ya kioo kizito, usihangaike na mipangilio. Baadhi ya vichakataji hivyo vya mwaka 2004 na 2005 vilipangiwa joto la wati 115 peke yake, na skrini yake iliongeza wati 70 au zaidi. Hata ukipewa bure, ni ghali.

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika, yakiwamo ya Kariakoo, chaguo ninalolipenda ni kompyuta ndogo za mezani zilizotoka maofisini, kama Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny na HP EliteDesk Mini. Nyingi zina vichakataji ambavyo jina lao huishia na herufi T, kwa mfano Core i5-6500T yenye kiwango cha wati 35, na zikiwaka bila kazi nzito hutumia kati ya wati 8 na 15. Ikiwa na skrini ya LED ya wati 20, jumla ni kama wati 32. Kwa saa 8 kwa siku, hiyo ni uniti 7.7 kwa mwezi badala ya 26.4, akiba ya takriban shilingi 6,700 kwa mwezi au karibu 80,000 kwa mwaka. Kabla ya kulipa, toa thamani utakayoiuzia kompyuta ya zamani katika bei ya mpya, ugawanye kinachobaki kwa akiba ya mwaka. Kikiwa shilingi 160,000, fedha zinarudi kwa miaka miwili. Ikiwa jibu ni miaka saba, baki na uliyonayo, uibadilishie diski ya kuzunguka kwa SSD. Utaokoa wati chache tu, lakini kazi zitamalizika mapema na mashine italala mapema.

Anayejiundia kompyuta atafute pawa saplai yenye alama ya 80 PLUS, ambayo kiwango chake cha chini huhakikisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia inafika kwenye vifaa katika viwango vya mzigo vinavyopimwa.

Usinunue vile vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi vinavyotangazwa kwamba hupunguza bili kwa nusu. Ndani yake kwa kawaida kuna kapasita na taa. Mita ya nyumbani hutoza umeme halisi uliotumika, na kapasita haipunguzi umeme huo.

Hatua ya 9: Betri, inveta na sola

Betri ya kompyuta mpakato huchakaa haraka ikikaa daima kwenye asilimia 100 huku ikiwa na joto. Watengenezaji wengi wameweka chaguo la kuishia asilimia 80. Liwashe ikiwa kompyuta yako hukaa mezani muda wote. Amri ya powercfg /batteryreport itakuonyesha uwezo wa betri wa sasa ukilinganishwa na ule wa awali.

Kwa wanaotegemea sola au inveta wakati wa mgao, uchaguzi wa kompyuta ni uchaguzi wa ukubwa wa betri. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 (ampea 100 kwa saa moja) ina wati 1,200 za saa moja, yaani 12 mara 100, na ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 600. Kompyuta ya mezani ya wati 110 kupitia inveta yenye ufanisi wa asilimia 85 itaimaliza nusu hiyo kwa muda usiofika saa 5. Kompyuta mpakato ya wati 20, ikichajiwa moja kwa moja kutoka volti 12 kwa chaja ya gari bila kupitia inveta, itakwenda karibu saa 27, kwa kuwa chaja hiyo nayo hupoteza umeme kidogo. Chaja hiyo ichaguliwe kwa volti iliyoandikwa kwenye chaja ya asili, mara nyingi 19 au 19.5, au iwe ya USB-C yenye uwezo wa wati unaolingana, na kila mara pawe na fyuzi kati yake na betri.